Mikono ya mavazi ya kibaharia ya watoto: ipi ilitoka jeshini na ipi ilizuliwa na mafundi?

Mshonaji wa Jukwaa

Salamu kwenu nyote. Nimekabidhiwa kazi ya kushona mavazi ya watoto kwa ajili ya mchezo wa kuigiza ambao kisa chake kinatokea Uingereza na Ujerumani kati ya mwaka 1893 na 1910. Wavulana watatu na msichana mmoja wanatakiwa kuvaa mavazi ya kibaharia, yale yenye kola pana ya pembe nne inayoangukia mgongoni na kitambaa cheusi kinachofungwa kifuani. Kola haikunipa taabu, kwa kuwa karibu katika kila picha niliyoitazama imekatwa kwa namna ile ile. Taabu yangu yote imo katika mikono ya blauzi.

Ninapoandika haya nina picha nne mezani. Katika ya kwanza, mkono wa mvulana ni mpana, kisha unaishia kwenye ukanda wa kifundoni uliofungwa kwa kifungo na kuzungushiwa tepe tatu nyeupe. Katika ya pili hakuna ukanda wowote. Badala yake kuna marinda membamba sita yaliyoshonwa kutoka kifundoni kwenda juu kwa kiasi cha vidole vinne, na hapo marinda yanapoachiliwa kitambaa kinafura hadi kiwikoni. Mkono wa picha ya tatu umenyooka kama bomba na mdomo wake uko wazi kabisa. Picha ya nne ni ya msichana ambaye mikono yake imefura begani kiasi kwamba kola, badala ya kulala, imekaa juu yake kama mkeka uliotandikwa juu ya mito miwili.

Naomba mnieleweshe kama mikono hii yote ina asili katika sare za wanamaji wenyewe, au kama mingine ilibuniwa na mafundi wa nguo za watoto. Vilevile ningependa kujua kama mtu anaweza kutazama mkono wa blauzi na kukadiria mwaka wa picha, kwa sababu mwelekezi wetu ni mtu makini na hatakubali msichana wa mwaka 1895 avae mkono wa mwaka 1908.

Msomi wa Sare

Dada Mshonaji, umeuliza jambo ambalo watu wengi hulipita haraka, kwa sababu macho yote hukimbilia kwenye kola. Nitaanza na asili, kisha nikujibu picha kwa picha.

Mwezi Septemba mwaka 1846 Malkia Victoria alikuwa safarini kwa meli yake ya kifalme, na mwanawe mkubwa wa kiume, Albert Edward, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitano, alivalishwa nguo ya baharia iliyoshonwa na fundi yule yule aliyewashonea mabaharia wa chombo hicho. Mchoraji Franz Xaver Winterhalter alimchora akiwa katika vazi hilo mwaka huo huo, na vazi lenyewe limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya taifa ya mambo ya bahari huko Greenwich. Ninaomba ulitilie maanani jambo moja: wakati huo baharia wa kawaida wa Uingereza hakuwa na sare rasmi. Maofisa walipewa ya kwao mwaka 1748, lakini mabaharia wa ngazi za chini waliisubiri hadi mwaka 1857. Kwa maneno mengine, mtoto wa malkia aliitangulia kanuni kwa miaka 11, na vazi lake lilifuata mazoea ya melini, si maandishi ya ofisini.

Kanuni za mwaka 1857 zilieleza blauzi nyeupe yenye kola ya buluu na kanda za kifundoni za buluu, na kila moja kati ya hizo ikazungushiwa safu tatu za tepe nyeupe zenye upana usiofika milimita 5. Blauzi hiyo ilichomekwa ndani ya suruali. Mkono wake ulikatwa kwa upana ili mtu aweze kuinua mabega na kuvuta kamba bila kubanwa, kisha ukakusanywa kifundoni ili usining'inie na kunaswa. Huo ndio mkono wa picha yako ya kwanza, nao umetoka jeshini moja kwa moja.

Mkono wa picha ya tatu pia una asili ya jeshi, ila ni wa baadaye. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, blauzi ile ya kuchomekwa ilianza kuipisha jampa, ambayo iliachwa huru kiunoni, na mkono wake kwa kawaida ulinyooka hadi chini bila ukanda. Mtoto aliyevaa mkono wa namna hiyo amevaa nakala ya baharia wa kizazi kilichofuata, hata kama kola yake ni ile ile aliyoivaa mjomba wake miaka 30 kabla.

Marinda ya picha ya pili na mabega yaliyofura ya picha ya nne hayakutoka melini hata kidogo. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa suala lote. Kola ilikuwa ndiyo alama ya vazi. Ukiibadilisha, vazi halitambuliki tena kuwa la kibaharia, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa sana. Mkono haukubeba dhamana hiyo. Mama na fundi waliachiwa uhuru wa kuufuatisha na mitindo ya mwaka husika, na wakautumia uhuru huo kikamilifu. Ndiyo maana nakushauri ukitafuta mwaka wa picha uanze na mikono, kwa sababu kola haitakwambia neno.

Kwa msichana wako, jambo liko wazi zaidi kuliko kwa wavulana, kwa kuwa nguo za wasichana zilikimbizana na nguo za mama zao. Mikono iliyofura begani, ambayo Wafaransa waliifananisha na paja la kondoo, ilikuwa ikipanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 na ikafika kilele chake mwaka 1895. Ndani ya miaka miwili tu ilinywea, ikabaki na uvimbe mdogo juu ya bega huku sehemu iliyobaki ikibana mkono. Kisha, baada ya mwaka 1900, upana ukarudi, lakini ukateremka: begani pakawa laini, na kitambaa kikafura chini ya kiwiko kabla ya kukusanywa kwenye ukanda. Kwa hiyo picha yako ya nne haiwezi kuwa mbali na mwaka 1895.

Bahari Shwari

Nashukuru kwa maelezo haya. Ningeongeza kwamba zile tepe tatu za kolani na kifundoni, kama nilivyofundishwa tangu utotoni, ni kumbukumbu ya ushindi mara tatu wa Admirali Nelson: Mto Nile mwaka 1798, Copenhagen mwaka 1801 na Trafalgar mwaka 1805. Pengine mwelekezi wa mchezo angependa jambo hilo litajwe katika maneno ya wahusika.

Msomi wa Sare

Ndugu Bahari Shwari, simulizi hiyo ni maarufu sana na inapendeza kusimuliwa, lakini kanuni za mwaka 1857 hazikumtaja Nelson wala vita vyake. Zilitaja idadi ya tepe na upana wake, basi. Wanamaji wa mataifa mengine, yakiwemo yale ambayo hayakuwa na sababu yoyote ya kumkumbuka Nelson, nao walivaa safu tatu. Mhusika katika mchezo anaweza kabisa kuisimulia hadithi hiyo, kwa kuwa watu wa zamani waliiamini. Ila isiandikwe katika maelezo ya programu kana kwamba ni historia.

Mahali ambapo idadi ya tepe za mkononi ilibeba maana halisi ni Marekani. Huko, kwa miaka mingi hadi Vita vya Pili vya Dunia, baharia mwanagenzi alikuwa na tepe moja kwenye ukanda wa kifundoni, wa daraja la pili alikuwa na mbili, na wa daraja la kwanza tatu. Washonaji wa nguo za watoto hawakujishughulisha na cheo. Utakuta mtoto wa miaka mitatu ana tepe tatu na kaka yake mkubwa ana moja, kwa sababu tu mkono wa mmoja ulikatwa kwa mtindo ulioacha nafasi ya tepe na wa mwingine haukuacha.

Fundi wa Siku Nyingi

Dada, wenzangu wamezungumzia historia. Mimi niruhusiwe kuzungumzia sindano, hasa kuhusu yale marinda ya picha ya pili, kwa maana nimewahi kuyashika kwa vidole vyangu.

Nililetewa wakati fulani blauzi ya mtoto ya namna hiyo, ya sufu ya buluu iliyoiva, ili niitengeneze kwapa lililochanika. Marinda ya kifundoni yalikuwa saba, kila moja na upana wa karibu nusu sentimita, yameshonwa kwa cherehani kwa mstari ulionyooka sana hadi urefu wa sentimita 8 hivi. Hapakuwa na ukanda. Mwisho wa mkono ulikunjwa ndani kwa upindo mpana kupita kawaida, wa vidole vitatu kamili. Nilipougeuza nje nikaona mistari miwili ya matundu ya sindano ya zamani, na kati ya mistari hiyo kitambaa kilikuwa cha buluu nzito zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa sababu hakikuwa kimeona jua wala sabuni kwa miaka yote kilipokuwa kimefichwa ndani. Yaani mkono ule ulikuwa umeteremshwa mara mbili, na mvulana yule alikuwa amekua ndani ya blauzi moja.

Baada ya kuliona hilo nilielewa kwa nini fundi aliacha ukanda na kuchagua marinda. Mkono wenye ukanda ukishakuwa mfupi, ni kazi kubwa kuurefusha: lazima ubandue ukanda, uunge kitambaa, kisha kiungo kionekane. Mkono wenye marinda na upindo mpana hurefushwa kwa jioni moja, na kifundo kikinenepa unafumua rinda moja au mawili tu. Zaidi ya hayo, sufu nzito ikikusanywa ndani ya ukanda mwembamba huleta bonge gumu linalomkera mtoto, ilhali marinda huilaza bapa. Katika blauzi nyeupe za pamba za kiangazi, ambazo zilifuliwa na kupigwa pasi kila mara, utakuta ukanda wenye kifungo mara nyingi zaidi, kwa kuwa pamba hukusanyika bila ubishi.

Nje ya Uingereza kulikuwa na fundi aliyejulikana sana kwa ushonaji wa namna hii, Peter Thomson, aliyewahi kushonea wanamaji wa Marekani kabla ya kuwashonea wasichana na wanawake huko Philadelphia na New York. Vazi lililobeba jina lake lilipendwa sana na wanafunzi wa kike mwanzoni mwa karne ya 20, na mikono yake mara nyingi ilipambwa kwa marinda yaliyoshonwa kuelekea kifundoni.

Kwa mvulana wako wa Ujerumani, usihangaike na marinda. Huko vazi hilo liliitwa kwa jina la Kiel, bandari ya jeshi la majini, na wakati wa utawala wa Wilhelm II lilienea katika karibu kila nyumba iliyokuwa na uwezo. La majira ya baridi lilikuwa la buluu iliyoiva. La kiangazi lilikuwa la pamba yenye mistari myembamba ya buluu na nyeupe, huku kola na ukanda wa kifundoni vikiwa vya buluu tupu. Tengeneza ukanda halisi, wenye kifungo. Pia kulikuwa na mavazi ya kufumwa, ambayo yalipewa umaarufu na kiwanda cha Wilhelm Bleyle kilichoanzishwa Stuttgart mwaka 1889. Mkono wa kufumwa hunyumbulika wenyewe, hivyo haukuhitaji upana mkubwa wala marinda.

Neno moja kuhusu ukataji. Usikate kichwa cha mkono, yaani sehemu ya juu inayoungana na bega, kikiwa kirefu kama cha koti la kisasa. Kikate kikiwa kifupi, karibu kunyooka, na uteremshe mshono wa bega kidogo chini ya mfupa. Kichwa kirefu huuinua upande wa kola kila mtoto anapopunga mkono, na kola ya kibaharia ikishapinda hairudi mahali pake hadi mtu aivute.

Msoma Picha

Naomba kumtahadharisha dada kuhusu jambo moja kabla hajaziamini sana zile picha nne, kwa kuwa kamera za wakati ule hazikuona rangi kama tuzionavyo sisi.

Bamba za kupigia picha zilizotumika katika sehemu kubwa ya karne ya 19 zilipokea mwanga wa buluu kwa wepesi mno na wa nyekundu kwa uzito mno. Matokeo yake ni kwamba buluu hafifu hutokea karibu nyeupe, na nyekundu hutokea karibu nyeusi. Blauzi nyeupe yenye ukanda wa kifundoni wa buluu hafifu na tepe tatu nyeupe inaweza kuonekana pichani kama mkono mweupe usio na pambo lolote. Nimewahi kuona picha na vazi lenyewe vikiwa vimewekwa pamoja: pichani ukanda hauonekani kabisa, na mezani upo, na tepe zake zote tatu. Kwa hiyo, dada, picha yako yoyote yenye mkono mweupe mtupu ichunguze kwa kioo cha kukuzia, ukitafuta kivuli chembamba cha ukingo wa tepe kabla ya kuamua kwamba mkono huo haukuwa na kitu.

Angalizo la pili linahusu upande. Picha zilizopigwa moja kwa moja juu ya bati, ambazo zilikuwa za bei nafuu na zilipendwa sana na familia za kawaida, hugeuza kulia kuwa kushoto, kama kioo. Ukiona nanga iliyotariziwa kwenye mkono wa kulia wa mtoto, na ukaona pia kwamba vifungo vyake vimelala upande usiotarajiwa, elewa kwamba nanga ilikuwa kushoto. Huko ndiko mabaharia wa Uingereza walikovaa alama za cheo, na ndiko nyingi ya nguo za watoto zilikoiweka.

Mshonaji wa Jukwaa

Nimezisoma hoja zenu zote mara mbili, na nimekwenda kuchukua kioo cha kukuzia kama nilivyoelekezwa. Picha yangu ya tatu, ile niliyosema mkono wake uko wazi, kweli una mstari mmoja hafifu karibu na mwisho, ambao sikuuona hapo awali. Ninashukuru sana.

Yamebaki mawili. Onyesho la mwisho linatokea ufukweni, wakati wa joto, mwaka 1908. Je, ninaweza kuwavalisha wavulana mikono mifupi? Na ile nanga ya mkononi, inakaa umbali gani kutoka begani?

Msomi wa Sare

Kuhusu mikono mifupi, ningejizuia. Mwaka 1908 mvulana wa umri wa kwenda shule, hata akiwa ufukweni, angebaki na mkono mrefu uliokunjwa hadi chini ya kiwiko. Picha za watoto wa wakati ule wakichezea mchanga zimejaa mikono iliyokunjwa hivyo. Kwa watoto wadogo sana, mkono mfupi ulianza kuonekana polepole, lakini uliota mizizi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, katika miaka ya 1920 na 1930, wakati wazazi walipoanza kuamini kwamba jua na hewa vinafaa kugusa ngozi ya mtoto. Hapo ndipo ilipozaliwa blauzi ya kibaharia ya mkono mfupi ambayo wengi wetu tunaiona leo kuwa ya kawaida, pamoja na gauni la msichana mdogo lenye mkono mfupi uliofura.

Mfano mzuri wa mgawanyo huo ni Japani. Shule ya wasichana ya Fukuoka Jo Gakuin, iliyokuwa ikiongozwa na Mmarekani Elizabeth Lee, iliingiza sare ya kibaharia mwaka 1921, na mtindo ukaenea katika shule nyingi za nchi hiyo. Huko majira yaliamua mkono: sare nzito ya majira ya baridi ina mikono mirefu yenye ukanda na mistari inayolingana na ya kola, na ya kiangazi ni nyeupe, mara nyingi ya mikono mifupi. Kwa desturi, sare hubadilishwa tarehe 1 Juni na tarehe 1 Oktoba. Tofauti kati ya shule na shule inaweza kuwa katika idadi ya mistari hiyo tu, na wanafunzi huitambua mara moja. Ninaitaja kwa sababu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mkono wa vazi la kibaharia ulirudishiwa kanuni, baada ya mafundi wa Ulaya kuucheza watakavyo kwa miaka mingi.

Fundi wa Siku Nyingi

Nanga iweke katikati ya bega na kiwiko, upande wa nje, mkono wa kushoto. Kwa mtoto wa miaka minane usizidishe urefu wa sentimita 5, la sivyo itajipinda kuuzunguka mkono na watazamaji wataona nusu yake. Tarizi kwa uzi mwekundu kama blauzi ni ya buluu, au wa buluu kama blauzi ni nyeupe. Na tafadhali itarizi wakati mkono ungali bapa mezani, kabla hujaufunga mshono wa chini ya kwapa. Tepe za kifundoni nazo zishone wakati huo huo, kwa kuanzia iliyo karibu zaidi na ukingo, huku ukiacha kati ya tepe na tepe nafasi inayolingana na upana wa tepe yenyewe. Ukishaufunga mkono ukawa bomba, cherehani haitaingia humo, na itakubidi uzungushe tepe zote tatu kwa mkono, sindano baada ya sindano, kwa watoto wote wanne.